Sikio Linalotoa Usaha: Sababu, Utambuzi na Tiba ya Maambukizo ya Sikio la Nje na la Kati

Katika Kiswahili neno "kusikia" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuipokea sauti kwa sikio. Maana ya pili ni kutii. Mtoto "asiyesikia" huhesabiwa kuwa mkaidi. Maana hizi mbili zikichanganywa darasani, mwanafunzi mgonjwa huweza kuadhibiwa kwa kosa asilolitenda.

Uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Amezaliwa kijijini, mbali na Reli ya Kati. Tangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, sikio lake la kulia hutoa usaha, hukauka kwa miezi michache, kisha hutoa tena. Nyumbani ameambiwa kwamba usaha huo utakoma atakapokuwa mkubwa. Darasani hukaa nyuma, kwa sababu wenzake huchukizwa na harufu. Huko nyuma sauti ya mwalimu haimfikii vizuri; hujibu swali ambalo halikuulizwa, na darasa zima hucheka. Mwisho wa muhula taarifa yake husema kwamba ni mzito wa kufahamu na hajitahidi.

Mfano huu umebuniwa kwa ajili ya somo, lakini hali inayoelezwa si ngeni. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoa usaha kwa muda mrefu, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kusikia. Taarifa hiyo iliiweka Tanzania katika kundi la nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi zaidi, yaani zaidi ya watu 4 katika kila 100. Uchunguzi wa wanafunzi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba ugonjwa huu ulikuwa mwingi zaidi katika shule za vijijini kuliko za mjini.

Jambo la msingi katika somo hili ni moja. Sikio linalotoa usaha si hatua ya ukuaji wa mtoto, wala si aibu ya ukoo. Ni ugonjwa wenye sababu inayojulikana, unaoweza kutambuliwa na kutibiwa. Na dawa yake ya kwanza ni kulikausha sikio.

UMBO LA SIKIO NA KAZI YAKE

Ili kuelewa ugonjwa yafaa kwanza kuelewa umbo. Sikio limegawanyika katika sehemu tatu: sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani.

Sikio la nje lina jani la sikio, ambalo ni gegedu lililofunikwa ngozi, pamoja na njia ya sikio. Kwa mtu mzima njia hiyo ina urefu wa milimita 25 hivi, nayo haikunyooka bali imejipinda kidogo. Ngozi yake hutoa nta. Watu wengi hudhani kwamba nta ni uchafu. Kwa kweli ni kinga. Nta huzuia maji yasilowanishe ngozi, hunasa vumbi, na kwa kuwa ina asidi kidogo hudhoofisha bakteria na kuvu. Tena ngozi ya njia ya sikio husogea polepole kutoka ndani kuelekea nje, ikisaidiwa na mwendo wa taya wakati wa kula na kusema, na hivyo huichukua nta nzee hadi mlangoni. Sikio lenye afya hujisafisha lenyewe.

Mwisho wa njia hiyo pana ngoma ya sikio, utando wenye upana wa milimita 8 hadi 10 na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuma ya ngoma ndipo lilipo sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na mifupa mitatu iliyoungana: nyundo, fuawe na kikuku. Chumba hiki huungana na koromeo, nyuma ya pua, kwa njia ya mrija wa Eustachi, ulioitwa kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Kazi ya mrija huo ni kusawazisha kanieneo ya hewa ya pande mbili za ngoma na kutoa ute uliomo chumbani. Mtu ahisipo mlio mdogo sikioni anapomeza mate, huwa mrija huo umefunguka.

Sikio la ndani limejaa maji, nalo lina koklea, ambayo hugeuza mitikisiko kuwa habari za neva, pamoja na viungo vya kulinda uwiano wa mwili. Hapa linazuka swali la fizikia. Sauti inayosafiri hewani ikigonga maji, karibu nguvu zake zote huakisiwa; sehemu moja tu katika elfu moja ndiyo hupenya. Je, sauti huingiaje katika sikio la ndani? Jibu limo katika sikio la kati. Eneo la ngoma linalotikisika ni milimita mraba 55 hivi, ilhali eneo la unyayo wa kikuku ni milimita mraba 3.2 hivi. Kani iliyokusanywa katika eneo kubwa ikisukuma eneo dogo, kanieneo huongezeka mara 17. Tena nyundo na fuawe hufanya kazi kama wenzo, na kuongeza kani mara 1.3. Zidisha 17 kwa 1.3: kanieneo huongezeka mara 22 hivi, sawa na desibeli 27.

Kwa hiyo mwanafunzi aweza kuona mwenyewe hasara ya ngoma iliyotoboka. Tundu hupunguza eneo linalotikisika, na pia huruhusu sauti kupita pande zote mbili za ngoma. Kama usaha umekwisha kuila mifupa midogo, mashine hiyo huvunjika kabisa. Upungufu wa desibeli 30 ni wa kawaida katika hali hizi, nao maana yake ni kwamba nguvu ya sauti inayofika imebaki sehemu moja katika elfu. Mtoto wa namna hiyo husikia kelele ya darasa, lakini hapati silabi za maneno.

SABABU ZA MAAMBUKIZO YA SIKIO LA NJE

Ngozi ya njia ya sikio huambukizwa pale kinga yake inapovunjwa. Sababu kubwa ni mbili: unyevu na mikwaruzo. Maji yanayobaki sikioni hulainisha ngozi na kuondoa asidi ya nta. Wilaya ya Manyoni iko katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, wenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo malambo hujaa, na watoto wanaochunga mifugo huoga na kupiga mbizi humo. Hayo ni maji yale yale wanyweayo ng'ombe na mbuzi.

Mikwaruzo huletwa na vitu vinavyoingizwa sikioni: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, pini, na hata vijiti vyenye pamba vinavyouzwa dukani. Chombo kama hicho hukwaruza ngozi, huisukuma nta ndani zaidi, na kwa mkono usio na hadhari huweza kutoboa ngoma.

Bakteria waletao ugonjwa wa sikio la nje ni hasa Pseudomonas aeruginosa, ambaye hupenda mahali penye unyevu, na Staphylococcus aureus, ambaye pia huleta jipu dogo katika vinyweleo vya mlango wa sikio. Kuvu nao, hasa Aspergillus na Candida, huota katika sikio lenye unyevu na kuleta mwasho mkali; tabibu atazamapo huona kitu kama karatasi iliyoloa, pengine chenye vidoa vyeusi.

Jani la sikio nalo lina hatari yake. Wagogo, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa wilaya hii, walikuwa na desturi ya kutoga na kupanua ndewe za masikio. Ndewe haina gegedu, kwa hiyo kidonda cha hapo hubaki katika ngozi na nyama laini. Mtindo wa siku hizi wa kutoboa sehemu ya juu ya jani la sikio ni hatari zaidi, kwa sababu gegedu halina mishipa yake ya damu. Likiingiwa na bakteria huweza kuoza, na jani lote likakunjamana daima.

SABABU ZA MAAMBUKIZO YA SIKIO LA KATI

Wazazi wengi huamini kwamba maji ya kuoga ndiyo huleta usaha. Kwa sikio ambalo ngoma yake ni nzima sivyo ilivyo, kwa maana maji hayawezi kupita katika ngoma isiyo na tundu. Ugonjwa wa sikio la kati hutoka puani na kooni, ukapanda kwa njia ya mrija wa Eustachi.

Mpango wake ni huu. Mtoto hupata mafua. Utando wa pua na wa mrija huvimba, na mrija huziba. Hewa iliyomo katika sikio la kati hufyonzwa na mwili, kanieneo hupungua, ngoma huvutwa ndani, na majimaji huanza kujikusanya. Bakteria waliokuwamo puani huingia katika majimaji hayo na kuzaana. Walio mashuhuri ni Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis. Usaha hujaa, ngoma husukumwa nje, na mtoto hulia kwa maumivu makali, hasa usiku. Ngoma ikipasuka, usaha hutoka na maumivu hupungua ghafula. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika, wakadhani ugonjwa umekwisha.

Watoto wadogo, hasa wa kati ya miezi sita na miaka miwili, hushikwa zaidi kuliko watu wazima. Sababu mojawapo ni ya kimaumbile: mrija wa mtoto ni mfupi, kiasi cha nusu ya ule wa mtu mzima wenye milimita 35 hivi, tena umelala karibu sawasawa, hauteremki kuelekea kooni. Sababu nyingine ni kwamba kinga ya mwili wake haijakomaa.

Mazingira huongeza hatari. Kiangazi cha Manyoni huwa na upepo na vumbi, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi. Watoto wengi hulala pamoja katika chumba kimoja, na mafua huhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, au katika nyumba ya tembe yenye mlango mmoja, hudhuru utando wa pua na mrija. Hali kadhalika moshi wa sigara. Utapiamlo, surua na maambukizo ya VVU hupunguza kinga. Na mtoto anayenyweshwa chupa akiwa amelala chali yumo katika hatari zaidi ya maziwa kupanda katika mrija kuliko yule anyonyaye akiwa ameinuliwa kichwa.

Ngoma iliyopasuka mara moja aghalabu huziba yenyewe kwa muda wa wiki chache. Lakini ikiambukizwa mara kwa mara bila tiba, tundu hubaki wazi. Hapo ugonjwa huwa sugu. Bakteria hubadilika pia: mahali pa wale wa mafua huchukuliwa na Pseudomonas, Proteus na Staphylococcus, ambao hupenda unyevu na ambao dawa nyingi za kawaida haziwawezi. Sasa maji ya kuoga huwa adui wa kweli, kwa kuwa mlango wa sikio la kati umefunguka.

UTAMBUZI

Tofauti kati ya magonjwa haya mawili si ya majina tu. Tiba inayofaa kwa moja huweza kudhuru katika jingine. Dalili zifuatazo husaidia kuzitenga.

Katika ugonjwa wa sikio la nje, maumivu huzidi jani la sikio likivutwa au kinundu kilicho mbele ya tundu kikibonyezwa; kuna mwasho; homa kwa kawaida haipo; na kinachotoka ni kidogo, wala hakina ute. Katika ugonjwa mkali wa sikio la kati, kuvuta jani la sikio hakuongezi maumivu. Kuna mafua na homa. Mtoto mchanga hukataa kunyonya na hushikashika sikio. Na usaha ukitoka huwa mwingi. Iwapo usaha huo unavutika kama uzi, basi una ute. Sikio la nje halina tezi za ute, kwa hiyo ute huo hauna budi kutoka sikio la kati, na ngoma hapana shaka imetoboka. Katika ugonjwa sugu, usaha hutoka kwa wiki mbili au zaidi, mara nyingi bila maumivu, na usikivu hupungua. Kukosekana kwa maumivu ndiko kunakowafanya watu waudharau.

Katika zahanati na vituo vya afya nchini hutumika mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, ulioletwa katika miaka ya 1990. Mwongozo huo huuliza maswali machache. Je, sikio linauma? Je, linatoa usaha, na kwa siku ngapi? Je, kuna uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio? Usaha wa chini ya siku 14, au maumivu ya sikio, huhesabiwa kuwa ugonjwa mkali. Usaha wa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Uvimbe nyuma ya sikio ni dalili ya hatari inayohitaji rufaa mara moja. Penye otoskopu, yaani kifaa chenye taa na lenzi cha kutazamia ndani ya sikio, tabibu huiona ngoma yenyewe. Ili kuinyosha njia ya sikio, jani la sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma, na la mtoto mchanga huvutwa chini na nyuma.

Shule nayo ina chombo chake cha utambuzi. Katika maabara ya fizikia mna uma wa sauti, na ule wa hezi 512 hufaa zaidi. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Heinrich Adolf Rinne alieleza jaribio rahisi. Uma hugongwa, shina lake likawekwa juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio. Mchunguzwa akisema kwamba sauti imekwisha, uma huhamishiwa mbele ya tundu la sikio. Mwenye sikio zima huisikia tena, kwa sababu ngoma na mifupa midogo huipokea sauti ya hewani vizuri kuliko njia ya fuvu. Asipoisikia, yamkini sikio la nje au la kati lina kizuizi. Jaribio hili haliwi badala ya daktari, lakini huonyesha nani apelekwe kwake.

Pasipo na uma, mwalimu aweza kusimama nyuma ya mwanafunzi kwa umbali wa mkono mmoja, ili midomo yake isionekane, akanong'ona tarakimu tatu na kumwomba azirudie. Sikio lisilopimwa lizibwe na kusuguliwa taratibu kwa kidole. Kila sikio lipimwe peke yake.

TIBA

Sikio la nje. Tabibu husafisha njia ya sikio, kisha hutoa matone ya dawa: yenye asidi hafifu au antibiotiki kwa bakteria, au ya kuua kuvu iwapo kuvu ndiyo sababu. Sikio lisiingie maji mpaka lipone. Mzee au mgonjwa wa kisukari mwenye maumivu makali ya sikio yasiyopungua awahishwe hospitali, kwa kuwa kwa watu hao maambukizo huweza kupenya hadi mfupa wa fuvu.

Ugonjwa mkali wa sikio la kati. Mtoto hupewa dawa ya maumivu, kama parasetamoli, na tabibu huamua kuhusu antibiotiki ya kunywa, aghalabu amoksilini kwa siku tano. Dawa imalizwe hata kama homa imeshuka siku ya pili. Dawa iliyobaki ya ndugu yake asipewe, wala nusu dozi isinunuliwe dukani. Mazoea hayo huwalea bakteria sugu.

Ugonjwa sugu wa sikio la kati. Hapa kukausha sikio ndiko nguzo ya tiba, kwa sababu matone ya dawa hayawezi kuwafikia bakteria yakielea juu ya usaha. Namna ya kukausha ni hii:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini iliyo imara, ukisokote kiwe utambi wenye ncha. Usitumie kijiti, wala karatasi nyepesi itakayokatikia sikioni.
3. Ingiza utambi taratibu mpaka ulowe usaha.
4. Utoe, uutupe, uingize mwingine mpya. Rudia mpaka utambi utoke mkavu.
5. Ndipo udondoshe matone aliyoagiza tabibu, mgonjwa akilala ubavu, sikio likiwa juu, kwa dakika chache.
6. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Pamba isiachwe sikioni, kwa kuwa hulizuia lisikauke.

Matone yanayopendekezwa ni ya jamii ya kwinoloni, kama siprofloksasini, kwa wiki mbili. Utafiti umeonyesha kwamba katika ugonjwa sugu matone haya hukausha sikio vizuri zaidi kuliko vidonge vya kumeza. Baadhi ya matone mengine, kama ya jentamaisini, huweza kudhuru neva za sikio la ndani yakipita katika tundu la ngoma. Ndiyo sababu mtu asijinunulie matone bila kuchunguzwa. Kwa sababu hiyo hiyo mafuta ya taa, mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maziwa na maji ya majani yasimiminwe sikioni. Bibi aliyezoea kutibu wajukuu zake kwa njia hizo hana nia mbaya. Yafaa aelezwe kwa heshima kwamba ndani ya sikio lililotoboka hakuna tena ukuta wa kuzuia.

Sikio lisilokauka baada ya tiba sahihi, au linalonuka mno, lipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda pana kolesteatoma, yaani ngozi iliyoingia na kukua mahali pasipo pake katika sikio la kati, ambayo hula mifupa na huondolewa kwa upasuaji tu. Sikio lililokwisha kukauka nalo huweza kufanyiwa upasuaji wa kuziba tundu la ngoma, ambao misingi yake ilijengwa nchini Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mgonjwa wa Manyoni huanzia zahanati au kituo cha afya, akafika hospitali ya wilaya, au ile ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi, na ikibidi hupewa rufaa hadi Dodoma, umbali wa kilomita 120 hivi kwa barabara, au Muhimbili.

HATARI ZA KUPUUZA

Sikio la kati limetenganishwa na ubongo kwa mfupa mwembamba. Usaha ukiupenya huleta homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Ukielekea nyuma huingia katika mfupa wa mastoidi. Neva ya uso, ambayo hupita katika sikio hilo hilo, huweza kudhurika na uso ukapooza upande mmoja. Kwa hiyo mwenye sikio linalotoa usaha akipata uvimbe nyuma ya sikio, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kizunguzungu, kutapika au uso kwenda upande, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatari hizo za kifo si za kila siku. Hasara ya kila siku ni uziwi. Mtoto apungukiwaye na usikivu katika miaka ya kujifunza lugha huchelewa kusema, kisha kusoma, kisha kufahamu masomo yote. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuiwa.

KINGA

Kinga huanza kabla ya sikio kuuma. Mtoto anyonye maziwa ya mama, na apate chanjo zote. Chanjo dhidi ya Haemophilus influenzae aina ya b ilianza kutolewa nchini mwaka 2009, na ile ya Streptococcus pneumoniae katika mwaka 2013. Hazikingi aina zote za bakteria hao, lakini pamoja na chanjo ya surua hupunguza magonjwa yafunguayo njia ya usaha. Jiko liwe na pa kutolea moshi. Mafua yatibiwe kwa kupenga taratibu, pua moja baada ya nyingine, kwa kuwa kupenga kwa nguvu husukuma ute katika mrija. Mwenye ngoma iliyotoboka asiogelee, na aogapo azibe sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha aitoe mara amalizapo.

WAJIBU WA MWALIMU

Yule mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anahitaji mambo matatu, na mawili kati yake hayana gharama. La kwanza ni kuhamishwa kiti. Mahali pasipo mwangwi, kila umbali unapopunguzwa kwa nusu sauti huongezeka desibeli 6. Atokaye mita 8 hadi mita 2 kutoka kwa mwalimu huongezewa desibeli 12. Akae mbele, sikio zuri likimwelekea mwalimu. La pili ni kuzungumza na mzazi wake faraghani, pasipo kumtahayarisha, na kumwandikia barua ya kwenda zahanati. La tatu ni tiba yenyewe, ambayo huhitaji wiki kadhaa za uvumilivu. Mwenzake wa bwenini aweza kufundishwa kumsaidia kukausha sikio.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ni ya watu wakaidi, wala isitumiwe kuwakatia tamaa wagonjwa. Sikio linalotoa usaha si sikio la kufa. Likikaushwa na kutibiwa, husikia dawa. Na mtoto mwenye sikio hilo husikia somo.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini maji ya kuoga hayaleti ugonjwa wa sikio la kati kwa mtu mwenye ngoma nzima, lakini humdhuru mwenye ngoma iliyotoboka.

2. Eneo la ngoma linalotikisika likiwa milimita mraba 60, eneo la unyayo wa kikuku milimita mraba 3, na wenzo wa mifupa ukiongeza kani mara 1.3, tafuta kanieneo huongezeka mara ngapi.

3. Ziba sikio moja kwa kidole, kisha vuma "mmm" huku umefunga mdomo. Sauti inasikika zaidi katika sikio lipi? Husisha jibu lako na njia ya sauti kupita katika fuvu.

4. Mtoto wa miaka minne ana usaha unaovutika kama uzi kwa siku 20, bila maumivu wala homa. Taja ugonjwa wake, toa sababu za jibu lako, na ueleze hatua za kuchukuliwa.

5. Kwa makundi: chunguzeni mazingira ya kijiji au mtaa wenu, mwandike mambo matatu yanayoongeza maambukizo ya masikio, na kwa kila jambo mpendekeze njia ya kulipunguza inayoweza kutekelezwa na wanakijiji wenyewe.